Nguo za Mama Mkwe Ndani ya Mashine

Jumanne, katikati ya Julai. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umekalia milima ya Iveti kama mgeni asiyejua kuaga. Mchana jua lilituonjesha kidogo, kisha baridi ikarudi.

Naandika haya kwa sababu mke wangu amekisimulia kisa hiki sokoni Tala kwa namna yake, na mama mwenye nyumba amekisimulia huko chini kwa namna yake, na zote mbili zinachekesha kuliko yangu. Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nane, na nikieleza jambo huwa narudi nyuma kuangalia kama nimemwonea mtu, mpaka anayenisikiliza anasinzia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa jikoni siku ile. Wao wawili walifika baadaye. Kwa hivyo nitajaribu, na nikikosea mahali, nimekosea kwa kutojua, si kwa kutaka kujipendelea.

Kwanza nyumba. Tunakaa Mumbuni, hapa Machakos, kwenye zile nyumba chache ambazo watu huziita Pwani. Bahari hakuna, kuna mtaro tu. Zinaitwa hivyo kwa sababu ya familia za Kiislamu zinazokaa hapo, ambazo wazee wao walikuja kutoka pwani kufanya biashara wakaupenda mji, au labda walikosa nauli ya kurudi, mimi sijui na sikuuliza. Ijumaa wanapika wali wa nazi na harufu inapanda ngazi hadi kwetu bila kubisha. Mwenye nyumba ni mmoja wao, mama wa makamo, mjane, anakaa chini. Sisi tuko juu.

Tangazo alikuwa ameliandika kwenye kipande cha katoni na kukitundika getini: nyumba ya kupanga, vyumba viwili, mashine ya kufua iko ndani. Mke wangu anauza mitumba Tala, na kila nguo anayoiuza anaifua kwanza, kwa hivyo mikono yake ilikuwa imeanza kupasuka. Alisoma katoni ile mara mbili. Hakuuliza maji hutoka siku gani wala jirani ni nani. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mama, hiyo mashine inazunguka kweli ama ni pambo?"

"Inazunguka, mwanangu," akajibu mwenye nyumba. "Ikifika kukamua inaruka. Msishtuke. Ikalieni tu, itatulia."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Mashine ile ilinunuliwa na mwanawe kabla ya kwenda kufanya kazi Uarabuni. Wanaume walioipandisha ngazi waliumwa migongo, na tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kuishusha, basi ikawa sehemu ya nyumba kama dirisha. Iko jikoni, chini ya meza ya kukatia mboga, nyeupe, na mlango wake ni wa mviringo wenye kioo. Tena jikoni yenyewe haina ukuta, ni sebule iliyopinda kona. Ukikaa kwenye kochi unaitazama mashine uso kwa uso. Wiki ya kwanza tuliitazama kama televisheni. Mke wangu alikuwa akisema, "Ona, soksi yako imepita," na mimi nasema, "Ile nyingine inakuja." Sijui kama ni vizuri kuandika mambo hayo, lakini tulifurahi.

Sasa nieleze nthoni, kwa wasio Wakamba. Nthoni ni haya, ila si ile haya ya mtoto mbele ya wageni. Ni heshima iliyosimama kati ya mwanamume na mama mkwe wake, kila mmoja muthoni wa mwenzake. Hamwangaliani usoni, hampeani mkono, hamli pamoja. Wazee wanasema zamani ukimwona anakuja njiani unaingia kichakani mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha. Wako wanaokaa kochi moja na mama mkwe wakitazama taarifa ya habari, na sijasikia kwamba wamepatwa na neno. Siwahukumu. Lakini mama mkwe wangu hakuacha, na mimi, kwa kuwa sikujua nani yuko sawa, nilimfuata yeye. Na katika mambo yote ya nthoni, kubwa ni nguo. Nguo zake za ndani mimi sipaswi kujua hata kama zipo.

Anakaa Kathiani, peke yake, na mbuzi wake. Macho yalianza kumsumbua kitambo, mtoto wa jicho, kwanza la kulia likafunikwa kabisa, halafu la kushoto likaanza kufuata. Alikuwa akisema ni vumbi. Halafu siku moja alisalimia tangi la maji la kanisa, akaliuliza habari za watoto, na tangi lilipokosa kujibu akaudhika. Watu walicheka, na yeye alicheka nao, lakini alimwambia mke wangu kwamba tangu siku hiyo hasalimii mtu yeyote mpaka asalimiwe. Mtu aliyekuwa anasalimia soko zima! Hilo ndilo lililomuuma, siyo giza.

Hospitali hapa mjini ikampa siku ya kufanyiwa upasuaji wa lile la kulia. Jumatatu. Daktari wa macho huja na kwenda, na waliambiwa wazi kwamba atakayekosa itabidi amngoje arudi, na hakuna aliyesema atarudi lini. Walitaka awe karibu, apimwe damu na sukari kabla, na baadaye kuwe na mtu wa kumtilia dawa jichoni. Kathiani hakuna wa kumtilia. Mbuzi hawajui.

Kwa hivyo ilibidi alale kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe binti yake. Mke wangu alikwenda Kathiani kumbembeleza na akarudi bila sauti. Walikubaliana hivi: yeye achukue chumba chetu cha kulala, sisi tulale sebuleni kwa godoro. Mimi nikohoe mlangoni kabla ya kuingia. Chakula chake kipelekwe chumbani. Na kama kuna jambo la kuniambia, aliseme kwa binti yake, binti yake aniambie mimi, hata kama nimelisikia. Niliona ni sawa. Nilikohoa siku nzima ya Ijumaa mpaka mwenye nyumba akanipandishia tangawizi.

Jumamosi mke wangu alikwenda Tala na mzigo wake. Mimi ni fundi wa sofa, nafanyia kazi kando ya barabara chini ya turubai, na manyunyu yale yangelowesha sponji, basi sikwenda. Nikajikuta ndani ya nyumba na mama mkwe wangu, wawili peke yetu, bila mtu wa kupitishia maneno. Yeye alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Mimi niko sebuleni naogopa hata kupiga chafya.

Nikaona afadhali nifanye kazi ya maana. Nikakusanya ovaroli zangu, nguo zangu za ndani na nguo mbili tatu za mke wangu zilizokuwa kwenye beseni. Mlango wa mashine uko chini na mimi nina mgongo wa fundi, kwa hivyo siinami. Naufungua kwa kidole cha mguu, nasukuma nguo ndani, naufunga kwa goti. Ndivyo nilivyofanya. Nikatia sabuni, nikabonyeza, nikajimiminia chai, nikaketi kwenye kochi.

Ikaanza kuzunguka. Ovaroli ikapita. Gauni la mke wangu likapita. Boksa yangu nyekundu ikapita, ikaning'inia kidogo juu, ikaanguka. Halafu ikapita petikoti ya bluu, pana, ina lesi pindoni.

Nikafikiri, mitumba hiyo. Labda mke wangu aliiacha humo.

Halafu ikapita leso. Leso ile niliijua. Nilikuwa nimeitazama Alhamisi nzima, kwa sababu mama mkwe alipofika alikuwa amejifunga, na mimi kwa kutomwangalia uso nilikuwa naangalia leso.

Niliruka nikanyakua kitambaa cha kochi nikakitundika mbele ya kioo. Lakini vitambaa vyetu mke wangu hufuma mwenyewe kwa uzi, na kitambaa cha kufuma ni matundu matupu. Sasa badala ya petikoti moja nikawa naona petikoti nyingi ndogo ndogo.

Kutoka chumbani ikaja sauti. Haikusemwa kwangu. Ilisemwa kwa ukuta.

"Kama kuna mtu huko jikoni, atuambie ni nini inanguruma."

Nikafikiri nifanyeje. Mtu wa kupitishia maneno hayupo. Nikaamua kujibu namna ile ile.

"Mtu wa jikoni anasema ni mashine ya kufua."

"Hiyo mashine iko wapi?"

"Iko chini ya meza ya kukatia mboga."

"Chini ya meza ni kabati."

"Ni mashine."

"Kabati nyeupe? Iko na mlango ya mviringo?"

"Ndiyo hiyo."

Kitanda kikalia. Halafu nikasikia, polepole sana, "Asi!"

Hapa lazima niwe wa haki, kwa sababu mke wangu anaposimulia anafanya kama mama yake alikosa akili. Hakukosa. Alikuwa na nguo chafu na alikuwa nyumbani kwa mkwe wake. Angeziacha kwenye beseni, ningeziona. Angeziweka chini ya kitanda, kitanda ni changu. Akaamka alfajiri tukiwa bado tumelala, akaja jikoni kwa kupapasa ukuta, akapata kabati tupu lenye mlango unaofunga vizuri kuliko kabati lolote la Kathiani, akazificha humo, ndani kabisa, ili mimi nisizione. Macho yake yangekuwa mazima angeona kioo. Alitafuta mahali pa heshima kuliko pote nyumbani mwangu. Ningekuwa yeye, ningeziweka hapo hapo.

"Kama kuna mtu jikoni," ikaendelea ile sauti, "aseme hizo nguo ziko pamoja na za nani."

"Ziko na za watu wa hii nyumba."

"Watu gani?"

"Mmoja yuko Tala."

"Na mwingine?"

Niliangalia dari. "Mwingine yuko jikoni."

Nikabonyeza kitufe cha kuzima, mlango ukakataa kufunguka. Mashine ile ina akili yake, ikiwa na maji tumboni haifunguki. Nikabonyeza vingine vyote. Ikanguruma kwa hasira. Na hapo hapo stima ikapotea.

Naapa sikutaka kuangalia. Lakini kitambaa kilikuwa kimeanguka, na ngoma ilipokwama ilikwama vibaya. Petikoti ya bluu ilikuwa imekumbatia mguu wa ovaroli yangu, na boksa nyekundu imelala juu yao kama kilemba. Vyote vimetulia ndani ya maji, kwenye kioo, kama picha ya harusi.

Nikampigia mke wangu. Kelele za soko zilikuwa nyingi.

"Haraka, niko na kastoma."

"Nguo za mama yako ziko kwa mashine na zangu."

"Ati nini?"

"Na stima imepotea na mlango haifunguki."

Alinyamaza. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka bila sauti, na aliposhindwa kujizuia akacheka na sauti, na nikamsikia kastoma akimuuliza kuna nini, naye akianza kueleza. Ndivyo Tala ilivyopata habari.

"Sikiza," akasema. "Wewe usiangalie."

"Siangalii."

"Nguo gani?"

"Leso. Na petikoti ya bluu."

"Si umesema huangalii?"

Nikakata simu. Sina uhakika kama nilikuwa na haki ya kukata.

Mlango wa chumba ukafunguka. Niligeuka upesi nikatazama sinki. Mama mkwe alitoka amevaa lile gauni lake la kanisani, koti juu yake, mkoba mkononi, akapapasa mpaka kwenye stuli iliyo karibu na mlango wa nje, akaketi, akanipa mgongo.

"Kama kuna mtu jikoni," akasema, "amtafutie mtu gari ya Kathiani."

"Na Jumatatu?"

"Jicho imezoea."

"Mama, daktari—"

"Nguo yangu imelala na nguo ya muthoni wangu. Nitakaa hapa na uso gani? Hata ukinipatia jicho mpya, nitaangalia watu nayo aje?"

Alisema "ukinipatia". Alisahau akanisemesha moja kwa moja, kisha akajishika mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba makosa ni yangu kwa kutoinama. Nikaona yeye atasema ni yake kwa kuficha. Na ukweli ni kwamba kosa liligawanyika nusu kwa nusu, nimelipima mara nyingi tangu siku hiyo, labda nusu yangu ni kubwa kidogo kwa sababu mimi naona. Lakini nilielewa kitu kimoja: akipanda gari leo, lile jicho limekwenda. Hatarudi. Atakaa Kathiani akingoja matangi yamsalimie kwanza.

Kilichomzuia asiondoke ni mashine yenyewe. Petikoti haikuweza kubaki nyumbani kwa mkwe, na mashine haikutaka kuitoa. Basi tukakaa. Yeye anatazama mlango, mimi natazama sinki, migongo inatazamana.

Maji yalianza kutiririka kwenye sakafu, nafikiri nilikuwa nimelegeza kitu nilipokuwa nikibonyeza ovyo, na yakapenya hadi chini, maana mwenye nyumba alipanda ngazi na beseni na tochi, deraa lake amelikunja mkononi.

"Hodi! Jamani, kunanyesha chumbani kwangu." Akasimama mlangoni akatuangalia. "Kuna nini? Mbona mmekaa kama watu waliogombana na kuta?"

Nikamweleza. Yeye si Mkamba, lakini amekaa Machakos maisha yake yote, na nthoni anaijua kwa kuisikia. Hakucheka. Huo ni uungwana wake, nauandika. Alicheka baadaye, huko chini, nilimsikia.

Akapiga magoti mbele ya mashine, akafungua kijimlango kidogo cha chini ambacho sikuwahi kukiona, akavuta mpira, maji yakaanza kumwagika kwenye beseni. "Mwanangu alinionyesha," akasema. "Itachukua muda. Bibi, wewe unataka kwenda kwa sababu gani hasa?"

"Haya," akasema mama mkwe.

"Haya ya kuonekana?"

"Ya kuonekana."

"Wewe mwenyewe umeona kitu?"

"Mimi sioni hata wewe. Ulipoingia niliona kitu nyeupe inaongea."

"Basi upande wako hakuna neno. Umebaki upande wake." Akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, uliona?"

Mpira ulikuwa unatoa maji, tii, tii, tii. Mama mkwe hakugeuka, lakini mgongo wake ulikuwa unasikiliza. Nilijua vizuri jibu lililokuwa linatakiwa. Neno moja tu, hapana, na Jumatatu ingekuwa imepona. Mtu mwingine angelisema na asifikirie tena, na sisemi angekuwa mbaya. Pengine ni mwema kuliko mimi. Nikafungua mdomo.

"Niliona povu," nikasema.

Mwenye nyumba akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu, kama mwalimu aliyepewa jibu. Ilikuwa kweli, povu nililiona. Ningenyamaza hapo ingekuwa imekwisha. Lakini nilihisi kama nimempimia mtu kitambaa cha sofa nikakata kifupi.

"Na kitu cha bluu," nikamalizia.

Mwenye nyumba alifumba macho. Alisema kitu kwa Kiarabu, nafikiri ni dua.

Nilitazama sinki. Kulikuwa na kijiko kimoja. Nilikitazama sana.

"Kitu ya bluu," akasema mama mkwe kwa sauti ya mtu anayefikiria, "ni ya msichana wangu."

Mwenye nyumba akafumbua macho.

"Alinunua mwenyewe," akaongeza. "Zangu zote ni nyeupe."

Mlango wa mashine ukatoa mlio mdogo ukafunguka. Mwenye nyumba akaingiza mkono, na cha kwanza kutoka kilikuwa petikoti ile. Akaiinua ikawa inachuruzika. Sikuigeukia, lakini aliishika juu kiasi kwamba niliona kivuli chake ukutani kwa mwanga wa tochi, na kivuli kilikuwa kipana. Mke wangu ni mwembamba. Petikoti ile ingemzunguka na kubaki ya kumfunika jirani.

"Hii?" akasema mwenye nyumba. "Ya mkeo, huyu huyu mwemba—"

Akakohoa. Akaikunja polepole. "Naam," akasema. "Nimemwona nayo."

Kwa hivyo nimeandika kwamba petikoti ya bluu ni ya mke wangu. Watu wazima wawili wamesema hivyo, na mimi nina ushahidi wa kivuli tu.

Akaendelea kutoa nguo. Kila moja anaiinua na kuuliza, kwa sababu hakutaka kukosea tena, na sisi tunajibu tukiwa tumegeukia kuta.

"Leso?"

"Weka huku kwangu," akasema mama mkwe. "Leso ni ya nje, leso haina neno."

"Suruali kubwa, ina mifuko mingi?"

"Yangu," nikasema.

"Hii nyeupe... hapana, hii sitauliza." Akaitupa upande wa mama mkwe. "Gauni la maua?"

"Ya msichana."

"Hii nyekundu, ya ndani, ina mpira umelegea?"

Nilitaka kujibu. Mdomo ulikataa. Kukubali boksa ile mbele ya mama mkwe wangu lilikuwa jambo nisiloliweza, na kuikana ni uongo. Yeye naye hakuweza kusema si yake, maana angekuwa ameitaja. Nguo inachuruzika.

"Haina mwenyewe?" akauliza mwenye nyumba. Akangoja. "Basi ni yangu."

Kwanza nilidhani mama mkwe amepaliwa. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Halafu sauti ikatoka, kicheko chembamba, cha mtu aliyekuwa amekifungia muda mrefu, akajipiga paja, akasema kwa Kikamba maneno ambayo kwa heshima yake sitayaandika. Mwenye nyumba naye akaanza. Mimi nilicheka na sinki.

Walipotulia, mama mkwe alijifuta macho na ncha ya leso iliyolowa. Akauweka mkoba chini, sakafuni penye maji, hakujua, na sikumwambia.

"Kama kuna mtu jikoni," akasema, "aweke chai. Majani mengi. Gari ya Kathiani itanipata nikitoka hospitali."

Nilibandika chai kwa gesi. Niliweka majani mengi mno. Alikunywa akasema, kwa ukuta, kwamba ni sawa.

Mke wangu alirudi jioni akiwa amejitayarisha kupatanisha watu, akakuta mama yake na mwenye nyumba chumbani wakizungumza bei za mbuzi. Petikoti ya bluu ilikuwa kwenye kamba, imeanikwa pamoja na nguo zake. Aliitazama. Akamtazama mama yake.

"Si umeona petikoti yako," akasema mama yake upesi. "Ile ulinunua."

Mke wangu si mwepesi wa kukubali kitu, ndoa yangu ni shahidi. Lakini siku hiyo alielewa. "Ah, hii," akasema. "Nimeitafuta sana."

Jumatatu walikwenda. Mimi nilifuata nyuma mbali kidogo, kama inavyotakiwa, nimebeba blanketi. Nilikaa nje ya wodi kwenye benchi na sikuweza kufikiria chochote. Alitoka amefungwa jicho kwa kitambaa cheupe akilalamika kwamba hakusikia uchungu wowote, na kwa hivyo hana hakika kama walifanya kazi.

Leo asubuhi wamekifungua kitambaa. Mke wangu anasema alitazama mikono yake juu na chini, kisha akamwambia nesi, "Habari yako, mama," kabla nesi hajamsalimia. Halafu akasalimia yule aliyefuata, na aliyefuata, korido nzima, mpaka lango kuu. Ilibidi mke wangu amvute mkono wapate kufika nyumbani.

Alipoingia humu ndani nilikohoa nikageukia dirisha. Nikamsikia akitembea polepole bila kupapasa. Akasimama katikati ya sebule.

"Msichana wangu," akasema, "hii nyumba iko na vumbi juu ya kabati."

Ni kweli, lipo. Nimepanda kwenye stuli nikalifuta, maana mke wangu alisema la juu ni la mtu mrefu, na sikuona pa kubishana. Nilipokuwa huko juu nilimsikia mama mkwe akimwambia mwenye nyumba kwamba mkwe wake amekonda, apewe chakula. Sijui amejuaje. Hatuangaliani.

Mchana kutwa alikaa mlangoni penye mwanga na ungo mapajani akichagua ndengu. Binti yake alitaka kumsaidia akamfukuza. Alikuwa akiinua kila kijiwe, anakitazama kwanza, anakitupa nje kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa akikidai.

Jioni tumekula ndengu hizo na chapati, yeye chumbani, sisi sebuleni, na mwenye nyumba alipandisha bakuli la wali wa nazi ingawa leo si Ijumaa. Hakuna aliyeuma jiwe.